Nataka kuwa kocha wa siha hapa Lamu. Nianzie wapi?

Swali: "Assalam alaikum Mwalimu. Nina miaka 31, naishi Langoni na nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni kule Shela. Wageni wengi huja na walimu wao wa yoga, na wenzangu kazini huniuliza mimi mambo ya kupunguza mwili na kupata usingizi. Nimeona mtandaoni kozi ya siku mbili, mwisho wake wapewa cheti cha kocha wa siha. Je, yatosha? Ni lazima niwe na digrii? Na kazi hii yaweza kunilisha hapa Lamu? Mama mkwe asema hii ni kazi ya manesi, niwaachie wenyewe."

Waalaikum salaam, dada yangu.

Niruhusu nianze na la riziki, maana jibu lake ndilo litakalokuonyesha usome nini na umhudumie nani. Ukocha wa siha waweza kukulisha Lamu, lakini usitegemee wageni unaowapokea Shela. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanaona nyumba imejaa watu wenye mikeka ya yoga, wanasikia malipo ya wiki moja, wanasema riziki imelala hapa. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Manda Jumamosi na kupanda ndege Jumamosi ya pili anataka mwalimu wa kumnyoosha viungo asubuhi, mkandaji, na nahodha wa kumpeleka kuogelea. Hizo ni kazi za heshima na pesa yake haichelewi. Kocha yeye hukaa na mtu kwa wiki kumi na mbili hivi, pengine zaidi, huku mtu huyo akibadili mazoea ya miaka ishirini. Kwa siku saba, tena za likizo, hakuna cha maana kitakachobadilika.

Wateja wako ni wale unaopishana nao kila siku ukienda kazini. Ni walimu, wafanyakazi wa kaunti, akina mama wa biashara, wapishi wa hoteli wanaoonja masufuria tangu asubuhi. Ni mtu aliyetoka kliniki akaambiwa "punguza chumvi, punguza sukari, fanya mazoezi," akaitikia "sawa daktari," kisha akafika nyumbani asijue aanze na lipi. Tena wako Waamu walioko Mombasa, Nairobi na Uarabuni, ambao wangependa kuzungumza na mtu anayejua sinia la futari la kwao lina nini, hata ikiwa ni kwa WhatsApp. Hawa hawaondoki na msimu.

Kwa hivyo kazi ya mapokezi usiiache. Miezi ya Aprili hadi Juni, mvua zikishika na bahari ikichafuka kwa kusi, Shela hupoa na zamu hupungua. Hiyo ndiyo nafasi yako ya kuchukua wateja wa kujifunzia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana cheti hakitakuwa na maana kama hujajua ni cha kufanya nini. Chukua mfano wa mama wa miaka hamsini anayeuza mahamri na mbaazi. Kapimwa, kaambiwa sukari imeanza kupanda, apunguze vitu vitamu. Anakaa mbele yako na neno lake la kwanza ni: "Nimejaribu, siwezi."

Asiyefunzwa atamhubiria. Atamtajia macho, figo na miguu inayokatwa. Mama ataitikia kwa adabu, na chai ya jioni ataikoroga vilevile. Haya yote kayasikia, na kaogopa vya kutosha.

Kocha anauliza: "Kwa siku wanywa chai mara ngapi?"

Anahesabu kwa vidole. Alfajiri kabla ya kukaanga. Saa nne wateja wakipungua. Alasiri. Na usiku baada ya isha.

"Katika hizo nne, ipi ambayo ikikosa sukari hutaumia sana?"

Ananyamaza. Muache anyamaze, kimya hicho usikijaze. Kisha asema, "Ya saa nne. Ile nanywa tu kwa vile chupa iko karibu."

Hapo mmepata mahali pa kuanzia, na umemsikia akipachagua mwenyewe. Ungemchagulia wewe ungemwambia ya usiku, kwa kuwa analala nayo tumboni, na angekushinda, maana ile ndiyo chai anayokunywa na mumewe.

Hesabu ujue, lakini usimrushie. Akitia vijiko vitatu kila kikombe, vikombe vinne ni vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000, na kwamba kushuka hadi gramu 25 kuna faida zaidi. Kwa chai peke yake mama kaufikia ukingo, na hamri hatujaligusa. Ukiona kujua kutamsaidia, omba ruhusa kwanza: "Wapenda nikuonyeshe hesabu ya chai yako?" Akisema ndiyo, mwonyeshe kwa kijiko na kisahani, kisha umuulize ameonaje. Ameomba mwenyewe, kwa hivyo atasikiliza.

Kabla hajaondoka, muulize: "Toka 0 hadi 10, una hakika gani kuwa wiki hii chai ya saa nne utainywa bila sukari?" Tuseme anajibu 6. Ulimi utakuwasha umuulize kwa nini isiwe 10. Ukiuliza hivyo atakutajia vikwazo vyake vyote, na akimaliza kuvitaja atakuwa amejishawishi kwamba haiwezekani. Muulize kinyume chake: "Mbona 6, isiwe 3?" Itambidi akutajie nguvu zake. Atasema kwamba mwaka jana alipunguza chumvi akaweza, kwamba binti yake anamuunga mkono. Sababu aliyoitoa kinywani mwake humkaa kuliko kumi ulizompa wewe. Mbinu hii ni ya njia ya mahojiano iitwayo kwa Kiingereza motivational interviewing, iliyotungwa na mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliyeiandika kwanza mwaka 1983 kutokana na kazi yake na walevi, kisha akaikuza pamoja na Stephen Rollnick. Kozi yoyote ya ukocha wa afya isiyofundisha mahojiano ya aina hii, ipite.

Wiki ya pili mama arudi: siku nne kaweza, siku tatu kashindwa. Anza na zile nne. Alifanyaje? Ndipo mfike kwenye tatu, na hapo pengine utagundua jambo ambalo hakuna kitabu cha kigeni kitakachokutajia: chai ya kwenye chupa imeshatiwa sukari tangu jikoni. Siku anazopika yeye anaweza. Siku anazopika mkwewe, chai yafika tamu. Tatizo la mama si moyo dhaifu, ni chupa. Mnapanga sukari iwekwe kando kwenye kopo na kila mtu ajitilie, na sasa inabidi mpange pia atalisemaje hilo nyumbani bila mkwe kudhani chai yake inakashifiwa. Dada, nusu ya ukocha Lamu ni mambo ya namna hii, na ndiyo maana nasema mtu wa kwetu anaweza kuifanya vizuri kuliko mwenye vyeti vitano kutoka mbali.

Mama mkwe wako hakukosea sana. Kuna mstari, na ukiuvuka utaumiza mtu. Kocha hatambui ugonjwa, haandiki dawa, hamwambii mtu aongeze wala aache kidonge, na hampangii mgonjwa mlo wa matibabu. Kenya haina bodi inayompa kocha wa siha leseni kama wauguzi wanavyopewa, hivyo hakuna atakayekuzuia kujiita kocha. Lakini wanalishe wana sheria yao ya mwaka 2007 iliyounda taasisi ya kuwasajili, KNDI, na washauri nasaha na wanasaikolojia wana yao ya mwaka 2014. Kwenye bango lako na kwenye hali ya WhatsApp usiandike "mtaalamu wa lishe", "mshauri nasaha" wala "tiba". Andika kocha wa siha, na chini yake maneno mawili matatu ya unachosaidia: usingizi, kutembea, mazoea ya kula.

Kuna mambo ambayo ukiyasikia kikao kinasimama. Presha ya 180 kwa 120 au zaidi, na mtu analalamika kifua, pumzi, kichwa kikali au macho kuona ukungu: ni hospitali ya King Fahd saa hiyo hiyo, msisubiri kesho. Kiu isiyokatika, kukojoa usiku mara kwa mara na kukonda bila sababu: akapimwe sukari. Mwenye kisukari ana kidonda mguuni, hata kidogo: kliniki. Anayekuambia haoni faida ya kuishi, usimwahidi kuficha siri. Kaa naye mpaka apatikane mtu wa kumsaidia. Kijana aliyeshikwa na unga, yaani heroini, hahitaji kocha kwanza, anahitaji kituo cha tiba. Malindi kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, katika hospitali ya serikali.

Na Ramadhani. Mteja mwenye kisukari anayedunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari atakuuliza wewe kama afunge, kwa sababu wewe ni wa karibu na daktari ana foleni. Usijibu. Mwambie amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dozi na saa za dawa huenda zikabadilishwa. Kazi yako ni kumsaidia aende kweli, aandike maswali yake, na baadaye apange futari: aanze na tende na maji, viazi karai na kaimati vije baadaye na kwa kiasi, daku asiliruke. Hapo uko ndani ya mstari na unafaa sana.

Kwa sababu hiyo jenga urafiki na wauguzi kabla hujapata mteja wa kwanza. Nenda ukajitambulishe, ueleze unachofanya na usichofanya. Wajue pia wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Serikali iliwagawia vifaa mwaka 2023, wengi wana mashine ya presha na kipimo cha sukari, na wanaingia nyumba ambazo wewe hutaingia. Ukiwapelekea watu wanaohitaji kupimwa, nao watakuletea waliopimwa wakabaki hawajui waanzie wapi.

Turudi kwenye kozi. Ya siku mbili haitoshi, na sihitaji kujua ni ya nani. Kabla ya kulipia kozi yoyote muulize mwenye kozi: nitafanya vikao vingapi huku mwalimu akinisikiliza na kunisahihisha? Akikujibu kwamba kuna video za kutazama na mtihani wa kuchagua majibu, hifadhi pesa yako. Digrii hailazimishwi. Kama una ya uuguzi au lishe itakusaidia, kama huna utaziba pengo kwa mazoezi na kwa kujua mipaka.

Vipimo vya kimataifa viko viwili vya kujua. Shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lina ngazi ya kwanza iitwayo ACC: saa 60 za mafunzo, saa 100 za kuwahudumia wateja, na saa 10 chini ya kocha mlezi zilizosambazwa kwa muda usiopungua miezi mitatu. Ngazi ya pili, PCC, inataka saa 125 za mafunzo na 500 za vikao. Huo ni ukocha wa jumla. Wa afya hasa una bodi ya Marekani, NBHWC, ambayo inataka mafunzo katika chuo ilichokikubali, vikao 50 vya dakika zisizopungua 20 kila kimoja, na mtihani. Ada zote ni za dola na zinauma. Ndiyo maana sikushauri uanze nazo. Mteja wa Mkomani hatakuuliza ACC ni nini. Atauliza jirani yake alisaidikaje. Vyeti hivyo vitakufaa siku utakapotaka wateja wa ng'ambo au kazi katika kampuni, na kufikia hapo wateja wa hapa watakuwa wamekulipia ada.

Mwaka huu ningefanya hivi. Kozi ya huduma ya kwanza, Msalaba Mwekundu huifundisha. Kozi moja ya ukocha yenye vikao vya kusikilizwa, hata kama ni ya mtandaoni, mradi intaneti ya kazini iruhusu. Na wateja watano wa bei ndogo, watu usiowajua sana. Ndugu, rafiki zako na mama mkwe usiwachukue. Hutaweza kuwauliza maswali magumu, na wao hawatakujibu kweli.

Bei ndogo, nimesema, sikusema bure. Cha bure hakina miadi. Mtu atakuambia "nitakuja baada ya alasiri" na alasiri ikapita. Chukua kwa mfano shilingi 3,000 kwa wiki kumi na mbili, nusu siku ya kwanza, nusu wiki ya sita, kwa M-Pesa. Utapandisha ukishapata watu wa kukusifia. Usikopeshe vikao. Kukopa harusi, kulipa matanga, na jirani anayedaiwa huanza kupita kichochoro kingine.

Watakufuata pia watu wa chai za kupunguza tumbo na mikebe ya virutubisho, wakuahidi kamisheni. Kataa. Siku utakayolipwa kwa mkebe, kila shida utakayoisikia itakuwa inaishia kwenye mkebe, na mji huu ni mdogo, wataelewa mapema kuliko unavyodhani.

Udogo wa mji ndio mtihani wako mkubwa kuliko ule wa Marekani. Mkikaa kwenye daka la nyumba, kabla ya magharibi mtaa wote umejua nani anakuja kwako, na wataanza kukisia kwa nini. Mteja akuchagulie yeye mahali. Wengine watapenda simu, kila mtu kwake. Wengine watapenda mzungumze mkitembea: kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu, dakika arobaini hivi kwa mwendo wa kawaida, na wanawake wawili wanaotembea baada ya alfajiri hawashangazi mtu. Ukimtembeza mara nne kwa wiki keshafikia dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa za chini kwa mtu mzima, na kisiwa hiki ambako babu zetu walitembea bila kuambiwa sasa kina bodaboda za kutupeleka hadi mlangoni. Wateja wa kiume wafanyie kwa simu, au mahali pa wazi penye watu, au mpe mwenzako wa kiume kama yupo. Khalwa, yaani kukaa faragha na mwanamume asiye maharimu wako, haina mjadala, na mara jina likishachafuka hakuna cheti kitakacholisafisha.

Mkikutana njiani, usimuulize mteja "ile chai imeendaje?" mbele ya watu. Msalimie kama unavyomsalimia mwingine yeyote.

Kila kikao kiandike siku hiyo hiyo: tarehe, dakika, mlichokubaliana, utakachomuuliza wiki ijayo. Mashirika niliyoyataja yatadai orodha ya saa zako, na asiyeandika tangu mwanzo huja kulia baadaye. Ila jina la mteja usiliweke humo. Mpe namba, na orodha ya majina na namba ikae mbali na daftari, imefungiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, kwa hivyo mwambie mteja siku ya kwanza unaandika nini, nani ataona, na kwamba akitaka ziondolewe ana haki ya kukuomba, kisha atie sahihi kwamba amekubali. Picha za "kabla na baada" usimpige hata akijitolea. Leo amefurahi, mwakani binti yake ataozwa, na picha ile itakuwa bado inazunguka kwenye magrupu.